Kurasa Tatu na Nusu za Tati

Kibosho, 12 Januari 1997

Dada Clementina,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wangu Samson anakusalimu, na wavulana wamerudi shule.

Barua yako ya Krismasi nimeipata. Ina kurasa nne, na tatu na nusu ni za tati. Sasa najua tati ni nini: kikombe cha unga uliookwa, ndani kuna shira ya mti uitwao mepo, mtu anakula mbili na kujutia ya tatu. Najua kwamba Bi. Marjorie, yule bibi unayemtunza huko, ndiye aliyekufundisha, na kwamba ukimtilia zabibu kavu hali. Nakushukuru. Nusu ukurasa iliyobaki ilikuwa ya theluji.

Swali langu hukulijibu. Naliandika tena, maana mimi ni mwalimu wa darasa la tatu na nimezoea kurudia. Je, Truda umemwambia?

Nilimzaa Edeltruda Mei 1986. Miaka miwili baadaye ulikuja likizo na Cyprian, mkiwa mmekaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto, na Mama akasema nikupe. Nikakupa. Tulikubaliana mambo mawili tu, Mama akiwa shahidi: usimbadilishe jina, na siku ya Komunyo ya Kwanza umwambie nani alimzaa. Jina hukulibadilisha. Komunyo alipata mwaka juzi. Picha ninayo, na gauni ni zuri.

Nina sababu ya kuuliza sasa. Kwaya yetu imealikwa na parokia moja ya Toronto mwezi Agosti, siku kumi, na Paroko ameniweka kwenye orodha. Wenzangu watalala kwa waumini. Mimi nimesema nina dada huko huko, Agincourt. Sitaki kushuka kwenye ndege niitwe mama mdogo na mtoto niliyemzaa, wala sitaki kumweleza mimi mwenyewe tukiwa tunasubiri mizigo. Mwambie wewe. Una miezi saba.

Mdogo wako,
Leokadia


Agincourt, 9 Februari 1997

Mdogo wangu Leokadia,

Marahaba. Habari ya safari yako imetufurahisha. Barua niliisoma kwenye basi nikienda kwa Bi. Marjorie, nikapitiliza vituo viwili na kurudi kwa miguu kwenye barafu.

Nilipanga kumwambia Jumamosi iliyopita. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kuoka. Cyprian anakuwa kazini Malton, anapanga mizigo ya ndege ghalani, na jikoni tunabaki wawili. Siagi inatakiwa iwe baridi kabisa, na maji yawe ya barafu. Unasugua siagi na unga kwa ncha za vidole, haraka, kabla siagi haijalainika. Truda anasukuma chapati yake na kukata maduara kwa mdomo wa glasi, anayapanga kwenye bati lenye vikombe kumi na viwili. Mimi napiga mayai, sukari ya kahawia na shira ya mepo, na tone la siki. Hilo tone la siki ni siri ya Bi. Marjorie, kwa hiyo usimwambie mtu.

Basi nikasema, "Truda, kuna jambo nataka kukwambia." Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nimejaza mno. Ni kweli, nilikuwa nimejaza vikombe hadi ukingoni. Shira ikachemkia juu, ikamwagika, ikagandia bati, na tukamaliza mchana wote tunakwangua kwa kisu. Jambo kama lile huwezi kulisema huku unakwangua bati.

Usihofu kwamba atalisikia kwa watu. Kiswahili hana. Ukimsemesha anajibu Kiingereza, watoto wote wa hapa ndivyo walivyo. Barua zako namsomea Cyprian mezani kwa sauti miaka yote hii, maana miwani yake haimfai, na Truda yupo pale pale na hesabu zake. Hata kichwa hainui.

Nitamwambia. Nipe nafasi niipate siku nzuri.

Dada yako,
Clementina


Kibosho, 4 Machi 1997

Dada Clementina,

Shikamoo. Bati nadhani limeshatakata. Mwambie.

Kama unaogopa nitamchukua, soma sentensi hii mara mbili: sitamchukua. Ana shule yake, ana kitanda chake, ana wewe. Nina wavulana watatu na darasa la watoto sitini na nne. Sitafuti mtoto wa kulea.

Nakwambia kitu ambacho sijawahi kukuandikia. Ulipoondoka naye nililia wiki nzima. Mama akaniambia inatosha, nikaacha, kwa sababu Mama akisema inatosha ilikuwa inatosha. Sasa Mama hayupo mwaka wa nne. Hakuna tena wa kuninyamazisha, na nimegundua kwamba sikuwa nimemaliza.

Nataka ajue tu. Akishajua, aniite atakavyo.

Leokadia


Agincourt, 6 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemwambia.

Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ataendelea kukaa hapa, nikamjibu ndiyo. Akasema sawa, akala tati moja, akaenda chumbani kwake. Hakulia.

Ameomba jambo moja. Hataki kuzungumzia habari hiyo kwa sasa, na hataki uizungumzie ukifika. Anataka muda. Nakuomba umheshimu kwa hilo, yupo katika umri mgumu. Yeye mwenyewe atakuja kwako akiwa tayari.

Pasaka tulioka tati dazeni nne kwa ajili ya mnada wa kanisa. Wa kwetu walizisifu, ila mama mmoja wa Bukoba alisema zingefaa zaidi na chumvi. Bi. Marjorie aliomba apelekewe sita, na nikamkuta amezificha kwenye kabati la nguo ili bintiye asizione. Ana miaka themanini na tisa. Siku hizi unga wangu unakubali kuliko wake, anasema ni kwa sababu nina mikono ya baridi.

Ukija usilete kahawa nyingi, forodha wanasumbua. Lete kitenge kimoja.

Clementina


Kibosho, 30 Aprili 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara sita. Mara ya saba nilimpa Samson anisomee, nione kama itasema vilevile.

Nakushukuru kwa kumwambia. Najua haikuwa rahisi. Nilikuandikia kwa ukali na naomba unisamehe.

Sitamsemesha. Mwambie nimekubali. Siku kumi nitakula tati zenu, nitaimba na kwaya, nitaongea naye habari za shule. Neno moja tu akilitaka, nitakuwa hapo. Asipolitaka, nitarudi nalo Kibosho.

Nimefurahi, dada. Nimeona niliandike hilo, maana mimi si mtu wa kuliandika.

Leokadia


Malton, 20 Julai 1997

Shemeji Leokadia,

Habari za siku nyingi. Nakuandikia wakati wa mapumziko, nyuma ya fomu ya mizigo, unisamehe karatasi. Clementina hajui kwamba naandika.

Hajamwambia mtoto. Barua yako ya Aprili ilifika jioni, sote tukiwa mezani. Nilikuwa nimepata miwani mipya, nikasema leo nisome mimi. Nikafika pale unapomshukuru kwa kumwambia. Nilimtazama mke wangu, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Truda alikuwa anachora ramani ya mito kwa ajili ya shule.

Nimemwomba aseme. Kila Jumamosi anasema leo, na kila Jumamosi tunakula tati. Nimeongezeka kilo tano, Shemeji, na mtoto hajui kitu.

Clementina si mtu mbaya, anaogopa tu. Lakini wewe usije ukiwa umefumbwa macho. Ukifika, kaa naye chini siku ya kwanza, mambo yaishe. Mimi nitawapisha.

Usiache kuja.

Shemeji yako,
Cyprian


Kibosho, 22 Agosti 1997

Dada Clementina,

Barua ya Shemeji nimeikuta ofisini kwa Paroko. Ilifika siku tatu baada ya mimi kuondoka. Katibu aliiweka vizuri chini ya kopo la kalamu, akajisifu kwamba haikupotea.

Nataka ujue nilichokiona mimi katika zile siku kumi.

Uwanja wa ndege Truda alisema, "Karibu, Mama Mdogo." Maneno matatu ya Kiswahili uliyomfundisha. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine akavuta sanduku langu. Nikajiambia: anajua, na amechagua. Ni haki yake.

Siku tisa alikuwa na adabu kwangu. Alinipa kitanda chake. Alinionyesha mabasi. Kila usiku nilisikia anakutakia usiku mwema kwa Kiingereza anakuita Mama, kisha anakuja mlangoni kwangu na kusema, "Good night, Mama Mdogo." Nilimjibu kila usiku. Nilitabasamu hadi mashavu yakaniuma.

Alhamisi ile wewe ulikuwa kwa Bi. Marjorie, na Shemeji kazini. Truda akatoa unga, akaniambia leo ananifundisha. Tulikaa jikoni saa nne. Kiingereza changu ni cha darasani, lakini kwa unga na siagi kinatosha. Nilikuwa nalainisha siagi, akanishika mikono akaipeleka chini ya bomba la maji baridi, akaishikilia pale. Nilimtazama kisogo. Ana kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, alianguka kwenye kizingiti akiwa na mwaka mmoja, nilikuwepo. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nikaimeza kwa sababu uliniandikia kwamba mtoto ameomba muda.

Nilirudi nyumbani nikijua nimekataliwa na binti yangu kwa heshima kubwa. Ndani ya ndege, saa kumi na tisa, nilijifundisha kulikubali hilo. Nilikuwa karibu nimefaulu. Kisha Katibu akanipa barua.

Kwa hiyo sikukataliwa. Sikujulikana kabisa. Bado sijaamua lipi linauma zaidi. Ningekusamehe miaka tisa, dada. Zile saa nne siwezi bado.

Leokadia


Agincourt, 14 Septemba 1997

Mdogo wangu Leokadia,

Nilikudanganya. Sina la kulipunguza. Pasaka hakukuwa na mazungumzo. Tulioka, tukala, akaenda kuangalia televisheni. Niliiandika ile barua kwa Bi. Marjorie, yeye akiwa amelala, na maneno niliyompa Truda ni yale niliyotamani ayaseme.

Niliogopa. Sikuogopa kwamba utamchukua. Niliogopa kwamba akijua, atanitazama jinsi mimi ninavyomtazama Bi. Marjorie, kwa upole na uangalifu, mtu wa kutunzwa asiumie. Sikutaka mtoto awe mpole kwangu.

Sasa nakuandikia lililotokea, na nakuomba uketi kabla ya kusoma.

Ghorofa ya tatu ya jengo letu anakaa Bi. Zebunissa Kurbanali. Amezaliwa Arusha, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Tulikutana Jumanne chumba cha kufulia. Akaniambia, "Clementina, mtoto wako amelelewa. Kila siku shikamoo. Na Kiswahili chake, mashallah, wangu mimi walikiacha wakiwa na miaka mitano." Nikamwambia amemchanganya na mtoto mwingine. Akacheka. Akasema Truda anapita kwake akitoka shule, siku ambazo mimi nachelewa, wanakunywa chai na kuongea Kiswahili mwaka wa pili sasa. Kisha akasema, "Na hiyo barua ya kwenda kwa mama yake Kibosho, tutaimaliza kesho, tahajia ndiyo inamsumbua."

Nililazimika kukaa juu ya mashine ya kufulia, nayo inazunguka.

Jioni nilimwuliza Truda kwa Kiswahili tangu lini anajua. Akanijibu kwa Kiingereza: tangu ana miaka sita. Alisikia mezani. Kumbe nilimwambia, Leokadia. Nilimwambia kila barua yako ilipofika, kwa sauti, nikimpitishia wali. Nilidhani mtoto anayejibu Kiingereza anasikia Kiingereza tu. Nimewaona wazazi wengi hapa wakifanya hivyo, nikiwacheka.

Nilimwuliza kwa nini basi hakukwambia wewe ulipokuja. Akasema hayo anakuandikia mwenyewe. Barua yake itafuata. Sikuiona na sikuomba kuiona.

Nisamehe utakapoweza.

Clementina


Agincourt, 21 Septemba 1997

Mpendwa ..............................,

Shikamoo. Mimi ni Edeltruda. Bi. Zebunissa amesahihisha tahajia lakini maneno ni yangu. Alitaka niongeze salamu nyingi, nikakataa, barua itakuwa ndefu.

Najua kwamba ulinizaa. Najua tangu darasa la kwanza. Mwanzoni sikusema kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza. Halafu niliona kwamba ukijibu kwa Kiingereza, watu wazima wanaendelea kuongea.

Baba aliposoma barua yako ya kushukuru, nilikuwa nachora mito. Nilijua kwamba Mama amekudanganya. Ulisema hutanisemesha kwa sababu mimi sitaki. Mimi sikusema sitaki. Tena siku ya Pasaka sikula tati moja, nilikula tatu.

Ulipokuja nilitaka kukwambia siku ya kwanza. Lakini ningesema, ungejua kwamba Mama ni mwongo, na ungekuwa umekaa kwenye kochi lake, na Mama angeona aibu mbele yako siku kumi. Nikafikiri, akisema yeye kwanza, haitakuwa mimi niliyemwumbua Mama. Kwa hiyo nikapanga Alhamisi. Nilimwambia Mama asiwahi kurudi, nikasema tunamwandalia kitu. Nilizima redio. Nilikushika mikono kwenye maji muda mrefu kuliko siagi inavyohitaji. Ulinitazama sana, nikafikiri sasa atasema. Ukauliza siagi ni gramu ngapi.

Sikukasirika. Nilisikitika, na ile tati yako uliyokunja vibaya niliila mimi ili usiione imepasuka.

Nilitaka kukwambia pia kwamba mikono yako ina joto. Yangu pia ina joto, unga wangu haukubali, Mama anashangaa kila Jumamosi kwa sababu yake ni ya baridi. Mimi sishangai tena.

Mama ni Mama. Hilo nimemwambia na yeye, alikuwa analia, kwa hiyo sijui kama alisikia. Hilo halibadiliki. Lakini Mama Mdogo si kweli na sipendi kuliandika. Bi. Zebunissa anasema niandike tu Mama, ila nikiandika hivyo naona naandika kwa mtu mwingine. Kwa hiyo hapo juu nimeacha nafasi. Andika wewe unachotaka nikuite, kisha unirudishie karatasi hii hii. Bahasha iwe na jina langu, si la Mama wala la Baba.

Tafadhali usichelewe. Posta ni wiki tatu kwenda na tatu kurudi.

Edeltruda


Agincourt, 9 Novemba 1997

Mdogo wangu Leokadia,

Bahasha yako imefika jana, Jumamosi, ina jina lake. Truda alikuwa maktaba. Niliiweka mezani, na ili nisiishike nikaoka. Niliweka chumvi mara mbili. Mama yule wa Bukoba angefurahi.

Alirudi saa nane. Aliisoma akiwa amesimama, na koti mwilini. Halafu akavuta kiti, akaniambia nikae, na akanisomea kwa sauti, yote, karatasi yake na kurasa zako mbili, bila kukwama. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili zaidi ya maneno matatu. Ana lafudhi ya Bi. Zebunissa. Cyprian, ambaye jana hakwenda kazini, alitoka chumbani akidhani tuna mgeni.

Alipofika kwenye nafasi aliyoiacha, akasoma ulichojaza: Mama Leokadia. Akanitazama kuona kama nimeumia. Niliumia kidogo. Nakuandikia hivyo kwa sababu nimemaliza kukuandikia yasiyo kweli. Kisha nikaona anaendelea kunisubiri, jinsi alivyokusubiri wewe jikoni, nikamwambia ni jina zuri.

Akarudia kulisema mara mbili, taratibu. Akachukua karatasi kwenye mkoba wake wa shule, akaandika juu kabisa jina hilo, safari hii bila kuacha nafasi. Halafu akanigeukia.

"Mama," akasema, "stempu ziko wapi?"

Nikamletea.

Dada yako,
Clementina